Bei ya kamera ya mtumba Sumbawanga haiishii dukani

Mahindi yakishauzwa, Ufipa hupigwa picha. Kuanzia Julai hadi Oktoba, wakati fedha za mavuno zingali mkononi na barabara ni kavu, sherehe hufuatana wiki kwa wiki: ndoa, ubatizo, komunyo ya kwanza, kipaimara, jubilei za mapadre na masista, kisha mahafali ya darasa la saba na ya kidato cha nne. Uwanda huu wa Mkoa wa Rukwa una parokia zilizoanza mwishoni mwa karne ya 19, na kwa familia nyingi sakramenti isiyo na picha ya kutundika ukutani ni kama imefanyika nusu. Anayeipiga picha hiyo, kuanzia Laela hadi Namanyere na kuteremka hadi Matai na Kasanga, mara nyingi hana studio wala bango. Ana kamera ndogo ya kidijitali iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine ng'ambo, memori kadi moja, na daftari lenye majina na namba za simu za wateja. Ukiitazama kwa vitabu vya kodi, biashara ya kamera hizo ni ndogo, lakini inalisha wengi: muuzaji, mpiga picha, fundi, mwenye mashine ya kuprinti, mtengeneza fremu, na utingo wa basi anayebeba bahasha ya picha. Hoja ya makala haya ni kwamba biashara hiyo bado ina uhai, ila uhai wake hauamuliwi na bei inayotajwa dukani wala na idadi ya megapikseli iliyoandikwa usoni mwa kamera. Unaamuliwa na vitu vidogo vinavyoizunguka: betri, chaja, kadi, mtu wa kuifungua ikikwama, na umbali wa kuvifuata. Mnunuzi asiyevipigia hesabu hununua hasara, na afisa asiyevihesabu huandika ripoti isiyofanana na soko.

Tuanze na chanzo cha bidhaa yenyewe. Takwimu za watengenezaji wa Japani, ambao ndio waliolitawala soko hili duniani, zinaonyesha kuwa mwaka 2010 kamera zenye lenzi isiyobadilishwa zilizotoka viwandani zilizidi milioni 108. Mwaka 2023 hazikufika milioni 2. Mwaka 2024 ziliongezeka kidogo, na bado hazikuvuka milioni 2. Kwa mnunuzi wa Sumbawanga maana yake ni nzito: kamera anayoinunua leo, iwe PowerShot, Coolpix, Cyber-shot au FinePix, ina uwezekano mkubwa wa kuwa imetoka kiwandani zaidi ya miaka 10 iliyopita. Mtumba wa nguo hujazwa upya kila msimu kwa sababu watu wa Ulaya hawajaacha kununua nguo. Mtumba wa kamera ndogo ni kama kisima kilichofungwa chemchemi. Tunachota akiba iliyobaki, na kila mwaka sehemu yake huharibika makabatini. Kana kwamba hilo halitoshi, kuanzia takribani mwaka 2022 vijana wa Ulaya, Marekani na Asia ya Mashariki wameanza kuzitafuta tena kamera hizohizo kwa mwonekano wa picha zake, na bei za zilizotumika zimepanda hukohuko zilikokuwa zikitupwa. Kijana wa Mpui anayetaka kamera ya kupigia picha za kipaimara anashindania kifaa kimoja na kijana wa London anayetaka picha za mapumziko, na mwenye pauni ndiye anayechagua kwanza.

Muuzaji mmoja wa vifaa vya elektroniki mjini Sumbawanga, ambaye kama wenzake hapendi jina lake litajwe, analieleza jambo hili kwa uchungu, na malalamiko yake yanastahili nafasi kwa sababu yanafanana na ya wengi. Anasema zamani mzigo wa Kariakoo ulikuja ukiwa na kamera nzima nzima: chaja yake, betri yake, mkanda wake, wakati mwingine hata kitabu chake. Siku hizi anayefungua kontena jijini Dar es Salaam hutoa kwanza zile zenye jina mtandaoni na kuziuza kwa bei ya wapenzi wa picha. Zinazobaki huuzwa kwa mafungu, chaja zikiwa zimetengwa kuuzwa peke yake. Yeye wa Sumbawanga hununua bila kuona. Anatumiwa picha kwenye simu, anatuma fedha, kifurushi kinapanda basi na kusafiri zaidi ya kilomita 1,100 kupitia Mbeya na Tunduma. Kikifika na lenzi haifunguki, hana wa kumrudishia, maana nauli ya kurudisha pamoja na muda wa kubishana hula faida ya kamera mbili nzima. Kwa hiyo hufanya kinachofanywa na kila muuzaji wa mbali: huipakia gharama ya ile mbovu juu ya ile nzima. Mnunuzi huona bei imepaa na kumwita mlanguzi. Yeye hujiona mtu anayelipia makosa ya walio juu yake. Wote wawili wana haki ya kulalamika, na hakuna kati yao mwenye uwezo wa kuubadilisha mnyororo huo peke yake.

Kodi nayo inaelezwa vibaya na pande zote mbili. Wafanyabiashara hudai kodi ndiyo imeua mtumba wa kamera. Madai hayo yamepita kiasi, kwa kuwa uhaba wa dunia ungepandisha bei hata kama ushuru ungefutwa kesho. Lakini maelezo ya maofisa kwamba mfanyabiashara mdogo amekwisha kupewa nafuu nayo yanahitaji kuchunguzwa. Mwaka 2023 kiwango cha mauzo kinachomlazimu mtu kujisajili kwa kodi ya ongezeko la thamani kilipandishwa kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka, na hatua hiyo ikatangazwa kama ahueni kwa wadogo. Muuzaji wa kamera wa Sumbawanga hakuwa karibu na kiwango cha kwanza wala cha pili. Asilimia 18 iliyolipwa bandarini, juu ya thamani ya kifaa pamoja na ushuru wake, inamfikia ikiwa imekwisha kufichwa ndani ya bei ya jumla, na kwa kuwa hajasajiliwa hana mlango wa kuidai. Ahueni iliyoandikwa katika sheria haikugusa gharama yake hata kidogo. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa shilingi. Ilipodhoofika kati ya 2023 na katikati ya 2024, dola ikisogelea shilingi 2,700, bei za vifaa zilipanda. Ilipopata nguvu mwishoni mwa 2024, wauzaji wa rejareja wanasema bei za Kariakoo hazikushuka kwa mwendo uleule. Mzigo ulionunuliwa kwa dola ghali huuzwa hadi uishe, na ukiisha hutokea sababu nyingine.

Pingamizi kubwa dhidi ya biashara yote hii ni simu, na hapo takwimu ya serikali imepewa uzito kuliko inavyostahili. Kila robo mwaka hutolewa hesabu ya laini za simu nchini. Kufikia mwisho wa 2024 zilikuwa zimezidi milioni 80 katika nchi ambayo sensa ya 2022 iliihesabia watu milioni 61.7. Kutokana na hesabu hiyo maofisa wa ngazi mbalimbali hufikia hitimisho la haraka: kila Mtanzania sasa ana kamera mfukoni, hivyo mpiga picha wa mtaani ni mtu wa jana anayepaswa kutafuta kazi nyingine. Lakini laini si mtu, na mtu si simu janja. Mkazi wa Kaengesa mwenye laini tatu za mitandao mitatu amehesabiwa mara tatu, na simu yake inaweza kuwa ya vitufe. Takwimu hizohizo rasmi ziliweka wenye simu janja karibu na theluthi moja ya watu, na huo ni wastani wa nchi nzima unaobebwa na Dar es Salaam na miji mikubwa. Hakuna sababu ya kuamini kwamba Wampembe au Mtowisa imefikia wastani huo. Takwimu ya laini inafaa kupima mapato ya kampuni za simu. Kuitumia kupima nani ana kamera nzuri kijijini ni kutumia debe kupimia urefu.

Hata hivyo mwenye simu janja yupo, tena anaongezeka, na jibu la kweli haliwezi kuishia kwenye kukosoa takwimu. Ni lazima kukiri kwamba simu ghali ya leo inaishinda kamera ndogo ya mwaka 2010 katika mambo mengi. Kihisi cha picha cha kamera nyingi za aina hii kina upana wa milimita 6 tu, na simu za bei ya juu sasa zina kihisi kikubwa kuliko hicho na programu inayosafisha giza. Ila simu hiyo haiko mkononi mwa mpiga picha wa Chala. Aliyonayo ni ya bei nafuu, na simu ya bei nafuu ina udhaifu katika sehemu mbili zinazomgusa moja kwa moja. Ya kwanza ni mwanga. Kamera ndogo ina flashi ya kweli, inayotoa mwako mkali kwa sehemu ndogo sana ya sekunde na kumgandisha mtu anayecheza ngoma. Taa ya simu ni kurunzi tu, na katika ukumbi wenye balbu moja au mkesha wa taa za sola humwacha bibi harusi akiwa kivuli kinachotikisika. Ya pili ni umbali. Zumu ya lenzi humleta mtoto anayepakwa mafuta ya krisma altareni hadi kwa mpiga picha aliyesimama nyuma ya nguzo, bila kumsumbua askofu. Simu ya bei nafuu hukata kipande cha picha na kukitanua, na kwenye karatasi sura hugeuka madoadoa.

Karatasi ndiyo kiini cha suala, na ndiyo inayosahauliwa na wanaotabiri kifo cha kazi hii. Anachonunua mzazi wa Ufipa ni picha iliyoprintiwa, ya kuweka kwenye fremu au kumpelekea bibi asiye na simu. Picha ya inchi 4 kwa 6 iliyoprintiwa vizuri inahitaji nukta takribani milioni 2.2, yaani megapikseli mbili na kidogo. Ukubwa wa karatasi ya A4 unahitaji karibu megapikseli 9. Kamera yenye megapikseli 8 au 10, iliyozeeka kwa macho ya dunia, inatosha kabisa kwa kazi ambayo wateja wa hapa wanalipia, na muuzaji anayemshawishi kijana aongeze fedha kwa ajili ya megapikseli 20 anamuuzia namba. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa njiani, na ndiyo maana watu wengi wenye picha mia simuni bado humwita mpiga picha siku ya sherehe. Kuhusu wateja, sensa inatoa ushahidi ambao ni vigumu kuupinga: Mkoa wa Rukwa ulikuwa na watu 1,004,539 mwaka 2012, na mwaka 2022 ulikuwa na watu 1,540,519. Ongezeko la watu zaidi ya nusu milioni katika miaka 10 ni ubatizo mwingi, madarasa mengi ya komunyo, na mahafali mengi yajayo. Mahitaji yapo. Swali ni kama kifaa cha kuyatimizia kitaendelea kupatikana kwa gharama inayomwachia mpiga picha kitu.

Hapo ndipo hesabu inapopaswa kufanywa kwa kalamu. Tuchukue mfano wa kuelezea tu, usio bei rasmi ya mahali popote. Kijana ananunua kamera kwa shilingi 150,000. Anauza picha moja kwa 2,000, na akiondoa gharama ya kuprinti na sehemu ya nauli anabakiwa na 1,300. Kwa hesabu ya dukani, picha 116 zinarudisha fedha yake, na kipaimara kimoja cha parokia kubwa kinaweza kumfikisha hapo. Lakini kamera imekuja na betri moja iliyochoka na haina chaja. Akinunua betri mbili za 25,000 kila moja, chaja ya 20,000 na memori kadi ya uhakika ya 20,000, kamera ya 150,000 imekuwa ya 240,000, na picha zinazohitajika zimekuwa 185. Asiponunua vitu hivyo, mambo ni mabaya zaidi: betri inazima saa ya kwanza, kabla maharusi hawajakata keki, na hapo hasara ni siku nzima pamoja na jina lake. Katika miji midogo ambako kila mteja anamjua mwenzake, jina likiharibika halina spea. Kwa hiyo kamera ya 190,000 yenye betri mbili nzima na chaja yake ni rahisi kuliko ya 150,000 iliyo uchi. Jambo hili linaonekana dogo likisomwa, ila ndilo linaloamua nani atakuwa bado kazini msimu ujao.

Betri inastahili kuzungumzwa kwa kirefu kwa sababu ndiyo mahali pa kwanza pa kufa kwa kamera hizi. Betri ya lithiamu huzeeka hata ikikaa kabatini, na ya mwaka 2011 iliyosafiri na kamera yake ni nadra kubaki na nguvu ya siku. Kila familia ya kamera ina betri ya umbo lake, na fundi simu wa Sumbawanga mwenye betri za simu za kila aina hana hata moja ya kamera. Huagizwa Mbeya au Dar es Salaam, na zinazokuja nyingi ni za kuiga, zenye namba kubwa kwenye lebo na nguvu ndogo ndani. Iliyovimba haifai kulazimishwa kuingia, kwa kuwa inaweza kushika moto. Ndiyo maana kwa vijiji visivyo na umeme wa uhakika, aina zinazotumia betri za kawaida za AA zina faida ambayo dunia imeisahau: mpiga picha anaweza kubeba seti mbili za kuchaji na, akikwama, akanunua za dukani, japo zile za bei ya chini huisha baada ya miale michache ya flashi. Sumbawanga kwa miaka mingi imepata umeme wake kutoka ng'ambo ya mpaka, Zambia, na kukatika kwake si habari kwa yeyote. Ahadi kwamba gridi ya taifa itamaliza tatizo hilo zimesikika kwa muda mrefu, na huenda zikatimia. Mpiga picha mwenye sherehe Jumamosi hawezi kuchaji betri kwa ahadi.

Kadi nayo ina mitego yake. Kamera za katikati ya miaka ya 2000 husoma kadi za SD zisizozidi gigabaiti 2, ambazo maduka mengi hayana tena. Ukiingiza ya gigabaiti 32 inakataa, na mnunuzi hudhani kamera imekufa. Nyingi za FinePix za zamani hutumia kadi ya xD, na Cyber-shot za kabla ya mwaka 2010 hutumia Memory Stick, aina ambazo hazitengenezwi tena kwa soko la kawaida na ambazo mwenye mashine ya kuprinti huenda hana pa kuzichomeka. Kamera ya aina hiyo ikiuzwa bei ya kutupwa, bei hiyo ni onyo. Kadi ya kuiga nayo hujitangaza ina gigabaiti 64 wakati ina 4, na ikijaa huanza kufuta picha za asubuhi. Majaribio ya kufanya mbele ya muuzaji hayahitaji utaalamu: kuwasha na kuzima mara 10, kuivuta zumu hadi mwisho na kuirudisha ukisikiliza mkwaruzo, kupiga ukuta mweupe na kuikuza picha kutafuta madoa, kuwasha flashi mara tano mfululizo, kuangalia kama mlango wa betri unashika, na kuiangazia lenzi kwa tochi kutafuta ukungu. Muuzaji anayekataa majaribio hayo amekwisha kujibu swali.

Mazingira yenyewe pia yana mitihani yake kwa kifaa. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi yake hupunguza nguvu ya betri kabla haijatumika. Mwenye uzoefu huitunza mfukoni karibu na mwili hadi ibada ianze. Anayeteremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa kwenda Muze, au kwenda Kasanga ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, anashuka takriban mita 1,000 na kuingia kwenye joto na unyevu. Kamera iliyotoka kwenye baridi hutoa jasho ndani ya lenzi, na unyevu ukirudiwa huzaa ukungu. Adui mkubwa kuliko wote ni vumbi la kiangazi. Lenzi inayochomoza na kujirudisha ni kama bomba linalovuta hewa, na punje moja ya mchanga kati ya mirija yake inatosha kuikwamisha. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220, imepunguza vumbi na muda wa safari kwa kiasi ambacho haifai kukibeza, na maofisa wanaoitaja kila mara wana sababu. Lakini sherehe nyingi haziko kando ya lami, na mafundi wenye vifaa vya kufungua lenzi hizi hawakuja pamoja nayo. Wengi hutoa spea kutoka kwa kamera iliyokufa kuiponya nyingine, na kwa kila moja inayopona, moja inaondoka sokoni moja kwa moja.

Kuna pingamizi la uhalali pia. Baadhi ya wasomaji husema kamera ya mtumba ni mlango wa mali za wizi, na hofu hiyo si ya bure. Juni 2016 simu feki ziliweza kuzimwa nchini kwa sababu kila simu ina namba inayoweza kusomwa na mtandao. Kamera ina namba yake tumboni, ila hakuna mtandao unaoisoma wala daftari la taifa linaloitunza. Kinga pekee ni karatasi: risiti, au hati ya mauziano yenye namba hiyo na shahidi. Anayekuta kwenye kadi picha za harusi ya watu asiowajua, zenye tarehe ya mwezi uliopita, aache kununua. Wengine wanasema tunaagiza taka za kielektroniki za matajiri. Hilo ni kweli kwa makontena yanayoletwa bila kuchambuliwa, na betri zilizokufa hapa hutupwa jalalani pamoja na maganda ya ndizi. Lakini kamera inayofanya kazi miaka mitano zaidi mikononi mwa mpiga picha wa Matai si taka, ni mtaji. Kinachotakiwa ni ukaguzi unaotofautisha hizo mbili bandarini, kazi ambayo kwa maneno inafanyika na kwa ushahidi wa mizigo inayofika Sumbawanga inatia shaka.

Wapo wanaoshauri kijana asubiri, adundulize, anunue kamera kubwa yenye lenzi za kubadilisha. Kwa anayelenga harusi za mjini zenye albamu na video, ushauri huo ni sahihi. Kwa mwenye kuzunguka vijijini kwa bodaboda, kamera kubwa ni mtaji wa misimu kadhaa uliofungwa katika mfuko mmoja unaoweza kudondoka, kuibwa au kuloa. Na mkopo wa kuinunulia haupatikani kirahisi kama inavyotangazwa. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imetengwa kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kutokana na dosari za urejeshaji, ikarudishwa mwaka 2024. Kwa vijana imejengwa juu ya vikundi, ilhali upigaji picha ni kazi ya mtu mmoja mmoja, na kamera moja haigawanyiki watu watano. Vijana hujiunga kwa ajili ya fomu na kutawanyika fedha zikitoka. Vivyo hivyo vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya shilingi 20,000 vilivyoanza kugawiwa Desemba 2018: vilihesabika vizuri katika taarifa, kwa sababu kadi ni rahisi kuhesabu. Taarifa inayosema vijana wangapi wamepewa fedha haisemi wangapi bado wana kifaa kinachowaka mwaka mmoja baadaye, na hiyo ndiyo namba ambayo ingekuwa na maana.

Mbele yetu hali si ya kuahidi sana. Bei huenda ikaendelea kupanda kwa muda. Mtindo wa vijana wa ng'ambo unaweza kupita na kuachia shehena fulani, lakini akiba inazidi kuzeeka na hakuna dalili kwamba viwanda vitarudi kutengeneza kamera za bei ya chini kwa wingi wa zamani. Simu za bei nafuu zitaboreka, na siku moja flashi na zumu havitakuwa tena utetezi wa kutosha. Inawezekana siku hiyo iko karibu kuliko wapiga picha wanavyotaka kusikia. Hadi hapo, wenye nafasi ya kubaki ni wale wanaonunua kamera kama mkulima anavyonunua jembe la kukokotwa na ng'ombe, akiuliza kwanza spea zake zinapatikana wapi na nani anajua kulifunga. Wauzaji wa Sumbawanga wangeweza kujisaidia kwa kuagiza pamoja betri na chaja za familia mbili au tatu za kamera, badala ya kila mmoja kukisia peke yake, na kwa kutoa dhamana ya hata wiki mbili. Halmashauri ingeweza kugharamia mafunzo ya mafundi wawili wa lenzi kwa fedha ndogo kuliko ya semina moja. Hakuna kati ya hayo linalohitaji sera mpya. Msimu wa sherehe utafika tena mahindi yakikauka, na mzazi wa Laela atataka picha ya mwanawe aliyevaa nyeupe. Kama atakayeitwa atakuwa na betri ya pili mfukoni, hilo linategemea hesabu zinazofanywa sasa.